Jiwe la Bibi kwenye Ukuta wa Basilika

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hamwamini mtu. Watu wanamwita Kufuli, naye anajua na anaona ni sifa. Analinda mlango wa upande wa basilika, ule wanaoingilia mahujaji, na mimi nafagia ndani, kwa hiyo siku nzima namsikia. Mwenye mkoba mkubwa anaulizwa amebeba nini. Asiye na mkoba anaulizwa mbona amekuja mikono mitupu. Padre akichelewa kutoka sakristia, chumba chake cha kuvalia, Shangazi husema huyo ana jambo.

Kitu kimoja tu alikiamini bila maswali, nacho ni ukuta wa kaskazini. Huo unapigwa picha zaidi kuliko minara na kuba, maana una mawe ya kila rangi: mekundu, ya kijivu, ya manjano, mengine ya kijani kama chupa. Historia yake kila hujaji anaijua. Basilika ilipokuwa inajengwa mawe yalipungua, askofu wa wakati ule akaomba kila anayekuja kuhiji abebe jiwe moja kutoka kwao. Watu wakabeba. Bibi, yaani mama yake Shangazi, alijitwika la kwake akiwa na mimba ya Shangazi, akatembea nalo safari nzima. Lilikuwa jeusi lenye mshipa mweupe.

Shangazi alipokuwa mtu mzima alilitafuta ukutani akalipata, usawa wa bega lake. Akamleta Bibi, ambaye macho yalikuwa yameshaziba. Bibi akalipapasa, akalipapasa tena, akasema, "Labda." Shangazi akaichukua ile labda akaitupa. Tangu Bibi atutoke, kila asubuhi Shangazi huweka kiganja juu ya jiwe lile na kulisimulia mambo ya nyumbani, hasa makosa yangu.

Sasa akaja fundi.

Alikuwa mwashi mpole, asiye na maneno mengi, na kwa Shangazi hilo lilitosha kumtia hatiani. Padre alimleta kwa sababu ukuta ulikuwa umeanza kuvimba. Maji ya mvua yalipenya nyuma ya mawe. Akaanza kwa kuweka alama za chaki, na jiwe la Bibi likapata alama yake. Kisha mawe yakaanza kubanduliwa kutoka juu, yakawa yanafunikwa turubai na kuondolewa kwa mkokoteni.

"Umeona anavyoyafunika?" Shangazi akaniuliza. "Kitu halali hakifunikwi."

"Shangazi, hata mkate unafunikwa."

"Wewe fagia."

Lakini ukikaa na mtu wa namna hii, nawe unaambukizwa. Nikaanza kuona kwamba fundi akipita karibu yetu ananyamaza, na vibarua wake wananyamaza. Tuliufuata mkokoteni hadi uani, nyuma ya nyumba ya mapadre. Tukachungulia kwa mbali: mawe yalikuwa yamelazwa kifudifudi yote, migongo imejaa tope la mvua, rangi zimetazama chini. Shangazi akanibana mkono. Alisema wanayaficha sura ili wenyewe wasiyatambue yakienda kuuzwa.

Siku kibarua alipolifikia jiwe jeusi na tindo yake, alimkuta Shangazi amesimama mbele yake, mgongo ukutani. Padre akaitwa.

"Padre, huyu ni mwizi," Shangazi akasema. "Anauza mawe ya watu."

"Fundi, mjibu mama," Padre akasema.

Fundi alimtazama Padre kama mtu anayeomba ruhusa, na Padre akatazama viatu vyake. Hapo hata mimi nikashuku. Wawili hawa walikuwa wanajua kitu.

"Mama," fundi akasema hatimaye, "naomba nilitoe mbele yako. Ulipokee wewe mwenyewe."

Shangazi akakubali, maana hakuna mikono mingine ambayo angeiamini. Fundi akagonga polepole pembeni. Jiwe likatoka upesi mno. Shangazi alikuwa amejikaza kupokea mzigo, akakuta kitu chembamba kama kigae. Akakigeuza. Nyuma palikuwa pamenyooka, pana mistari ya msumeno. Akachungulia pale lilipotoka. Ndani kulikuwa na matofali ya kawaida.

"Hili limekatwa kiwandani," akasema.

"Yote yamekatwa, mama. Ni pambo la nje."

Padre akasema na yeye amejua juzijuzi tu, kazi ilipoanza, na alikuwa anatafuta namna ya kuwaambia watu. Shangazi hakumgeukia.

"Mama yangu alibeba jiwe," akamwambia fundi, kana kwamba ndiye aliyejenga. "Alilibeba kichwani. Mlilipeleka wapi?"

"Mawe ya namna hiyo hayana umbo, mama, huwezi kuyapanga usoni mwa ukuta. Waliojenga waliyashusha kwenye msingi. Ndiyo yanayobeba nyumba yote hii."

"Unanibembeleza ninyamaze."

"Njoo uone. Tumeuchimbua ili tuuongezee nguvu. Leo tunamwaga zege, na likishamwagwa hakuna atakayeyaona tena."

Tukazunguka kona. Shangazi akashuka ngazi ndani ya mtaro waliouchimba kando ya msingi, nami nyuma yake. Yalikuwepo. Mawe yenye nundu na kona, yamejaa udongo, mengine makubwa kama kichwa, mengine madogo ya kubebwa na mtoto. Akaona jeusi, akalikwangua kwa ukucha, likatoa mshipa mweupe. Akafurahi, mimi niliiona furaha ile. Kisha akaona jingine. Na jingine. Waliotoka upande wa kwao walikuwa wengi, na wote walibeba mawe yaleyale.

"Lipi la mama?" akauliza.

"Hilo sijui," fundi akasema.

Nadhani ndilo neno la kwanza la fundi ambalo Shangazi aliliamini.

Juu yetu mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inaunguruma, na vibarua wamepanga matoroli. Mmoja akatuinamia akasema zege litaganda. Shangazi akafungua kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kulifuta lile jiwe jeusi. Akalifuta la pili. Akafuta na jekundu lililokuwa katikati yao, kisha la kijivu.

"Shangazi, wanasubiri," nikamwambia.

"Sijui lipi ni la mama yangu," akasema bila kugeuka. "Nayafuta yote. Usiniharakishe."