Huyu Haoshwi

Fundi wa bendera pale makumbusho hapigi fundo kwenye uzi. Huulaza tu juu ya hariri kuukuu, akaupitisha polepole kwa vidole vilivyokakamaa, pumzi kaibana, maana bendera hizi za vita hata chafya huzichana. Anifa, karani mgeni, alimwuliza alijifunzia wapi. “Msikitini, mjukuu wangu. Nilikuwa nashona sanda.” Tena bendera haiiti “hii” wala “ile”. Husema huyu leo ana homa, yule kalala vibaya, kama muuguzi wodini. Kipenzi chake ilikuwa bendera ya kikosi kilichomalizwa kwenye njia ya Ujiji, yenye doa la damu pembeni. “Huyu asiguswe na maji,” alimwambia Anifa kila asubuhi, kwa sauti ya chini. “Aliyeanguka vitani haoshwi, huzikwa na damu yake.” Anifa alidhani ni maneno ya uzee tu. Ilipotangazwa kwamba wageni wakubwa wanakuja, akaona amfanyie mzee wema, akailoweka kwa sabuni ya unga. Doa likatoka. Na hariri nayo ikaachana, vipande vikaelea kwenye beseni la maji ya rangi ya chai.

Fundi alipoingia, Anifa alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. “Shikamoo, babu. Nisamehe.” Mzee alikunja mikono ya kanzu, akaopoa kipande kimoja kimoja, akavilaza mezani, akianzia upande wa kulia. Kisha akajifuta mikono.

“Ameshaoshwa,” alisema. “Haya, niletee sanda.”