Gharama ya Kesi Yenye Tulikwisha Kula

Mu biashara ya samaki, gharama inakuja mbele. Chumvi, magunia, mafuta ya injini, feza ya soko, chakula ya wavuvi: unahesabu yote mbele mashua haijatoka, na ukiona itakuzidi, unabaki kwako. Sikusoma sana, lakini hiyo nilifundisha binti zangu wote. Gharama ya tribinali sikuijua. Ile inakuja nyuma, wakati umekwisha kusahau hata kesi yenyewe.

Mume wangu aliniachia mashua moja. Tulivuka nayo ziwa Mweru tukikimbia vita ya Congo, tukapokelewa Zambia mu kambi ya Kenani, na kisha ile mashua njo ilitulisha hapa Nchelenge miaka yote. Wavuvi wawili walikuwa wanaiendesha, samaki tunagawa. Bila ile mashua, mimi ni mukongwe wa kuombaomba tu.

Mwaka jana mwanaume mumoja wa kwetu, mwenye kubeba wafanyabiashara mpaka Chienge, alipita na injini yake juu ya wavu wangu, karibu na Puta. Ulipasuka wote. Nilimukuta ufukoni nikamuambia, "Tata, macho uliyaacha ng'ambo?" Akacheka. Kicheko kile njo kilinipeleka ku tribinali. Nililipa, wakaandika, wakamupelekea karatasi yenye muhuri.

Wazee wa kanisa wakasikia, wakatuita. Yule mwanaume akaomba musamaha, akaleta wavu mupya, muke wake akapika kuku. Tukala bukari, ugali wetu, mu sahani moja, mukono wangu na wake. Kwetu, watu wakikwisha kula vile, kesi imekufa. Mwenye kuitaja tena anaifufua, na haya ni yake. Kwa hiyo siku ya tribinali nilibaki nyumbani kuanika samaki, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Kisha majuma mawili mujumbe wa tribinali akafika na karatasi ya Kiingereza. Binti yangu akanisomea: mulalamikaji hakufika, kesi imefutwa, na mulalamikaji atalipa gharama ya mushitakiwa na ya washahidi wake. Mulalamikaji ni mimi.

Nilienda kwa yule mwanaume. Alikuwa anaziba mashua yake na lami.

"Tata, tulikula ao hatukula?"

"Tulikula, mama."

"Sasa ulienda kutafuta nini kule?"

"Karatasi ilikuwa na muhuri. Mimi mukimbizi, nitakataa muhuri? Nilienda na washahidi wangu wawili wa Chienge. Wakatuuliza tulitumia nini mu njia. Tukajibu."

"Na ukashindwa kusema tumepatana?"

Akashusha macho. "Niliogopa kufufua kesi, mama."

Nilikosa hasira ya kumupa. Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu ile ile.

Ku tribinali, karani alinisikiliza mpaka mwisho, akaniita mama kwa Kibemba. "Bamayo, mungeleta barua moja tu ya kusema mumepatana. Tungefunga bila gharama."

"Barua ya kusema nilikula kuku?"

"Hata ya kuku, bamayo."

Akanieleza pole pole: mutu akivuta mwenzake ku tribinali na yeye mwenyewe hafiki, anamurudishia vyote mwenzake alipoteza, mafuta, kulala, chakula, siku za kazi. Nikauliza kama kesi inaweza kusikilizwa tena. Inawezekana, alisema, lakini inalipiwa, na kulipa ni mbele.

Yule mwanaume alisamehe gharama yake mbele ya wazee. Washahidi walikataa. Nikapanda gari mpaka Chienge, nikapiga magoti mbele yao, mimi kambo, bibi mwenye wajukuu. Mumoja akaniangalia.

"Kambo, ile kuku mimi sikuila."

Alikuwa na haki. Alilala siku mbili ku Nchelenge kwa ajili ya kesi yangu, nyavu zake zimekaa kavu.

Ziwa lilikuwa limefungwa, ile miezi serikali inakataza kuvua ili samaki wazae. Feza haikuwa inaingia hata kidogo. Mujumbe akarudi, akazunguka mashua yangu, akaigonga na kidole. Nikaelewa. Nikaiuza mimi mwenyewe, pamoja na wavu, mbele wao hawajaiuza kwa bei ya kuni. Wakati nilikuwa namuonyesha mununuzi mbao zenye mume wangu alibadilisha, mukono wangu ulikawia juu ya moja. Akafikiri naficha tundu. Akashusha bei.

Siku ziwa lilifunguliwa, nilishuka ufukoni na beseni kama wanawake wengine. Mashua ikafika. Wavuvi ni wale wale wangu, mwenye mashua mupya aliwachukua. Nikauliza bei ya beseni. Mumoja wao akajikuna kichwa.

"Mama, mafuta imepanda. Na mwenye mashua anataka hesabu yake."

Beseni nzima ilishinda feza yenye ilibaki kisha kulipa washahidi. Nikanunua nusu. Nikaanza kuigawanya mu kichwa, ya kuuza huku, ya kula huku. Ya kula haikutoka.