Stempu za Kaka

Nyumbani kwetu Kikatiti, mtoto akienda shule ya bweni mama alimfungia bahasha zenye anwani yetu, zimekwisha kubandikwa stempu. Kazi yako ilikuwa kuandika tu na kutumbukiza. "Asije mtu akaniambia alikosa stempu," alisema, na hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo kaka yangu alipopata nafasi ya kusoma Ulaya, miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa na kila aliyeweza akawa anaondoka, mama alimfungia bahasha zilezile, na stempu zetu za twiga juu yake.

Kaka alipiga simu mara moja tu kwa mchungaji wa usharika wetu, kusema amefika na kutaja anwani yake. Baada ya hapo, kimya. Mama akakonda. Kila aliyetoka Arusha mjini alimuuliza kama amepita posta.

Siku moja karani wa posta akamweleza kwamba stempu ya Tanzania haifanyi kazi huko. Mama alikuja moja kwa moja kazini kwangu, ofisi ya utalii mjini, uso umechangamka kama wa mtu aliyetoka kwenye harusi.

"Kumbe kosa ni langu," aliniambia kabla sijamaliza shikamoo. "Mtoto wa watu amekaa huko na bahasha zangu, anashindwa kuzituma. Mtafutie stempu za hukohuko."

Mimi nilikuwa nimemkasirikia kaka zamani. Anayetaka kuandika ataandika hata kwa mkaa. Lakini mama alikuwa ameketi mbele yangu, mkoba mapajani, ana furaha ya kuwa na kosa, nikaomba ruhusa nikatoka kuzitafuta.

Wakati huo intaneti kafe zilikuwa zimeota mjini kama uyoga. Niliingia moja, nikasubiri ukurasa wa posta ya kule ufunguke kipande kwa kipande, na kweli stempu zilikuwepo, zinauzwa hapohapo kwenye kompyuta. Nikajaza jina la kaka na anwani yake. Mwisho ikatakiwa namba ya kadi ya benki. Kijana wa kafe akachungulia, akacheka.

"Dada, hiyo inataka kadi ya Wazungu. Mimi mwenyewe hata sijawahi kuishika."

Bosi wangu, Mchaga wa Machame aliyezoea kulipia vitu vya ng'ambo, alikuwa nayo. Alinikalisha kwenye kompyuta yake, akanisomea namba polepole, kisha akasema, "Haya, bonyeza." Sikubonyeza. Niliogopa, na nilijua ninachoogopa: stempu zikishafika, mama atabaki na nini cha kumtetea mwanawe? Bosi alidhani sijui pa kubonyeza. Akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe.

Baadaye ukaja ujumbe kwenye kompyuta ya bosi kwamba mzigo umepokelewa, na aliyepokea ametia saini. Jina lilikuwa la kaka. Nilimchukia siku hiyo, na papo hapo nikashukuru Mungu kwamba yu hai.

Nilimwambia mama zimefika. La saini sikulitaja. Akapiga magoti pale jikoni akashukuru, kisha akaanza kushinda posta. Mvua za masika zikaja zikaisha, tukavuna mahindi, sanduku letu la posta likawa halina kitu ila matangazo ya usharika. Nilijiandaa kwa siku atakayolia, hata maneno nilikuwa nimeyapanga.

Hakulia. Jumapili moja, baada ya ibada, tulikuwa tunamenya ndizi, akanyanyua macho akautazama Mlima Meru uliokuwa umejifunika mawingu.

"Huko aliko kuna baridi kuliko juu kule," alisema. "Wino utakuwa unaganda. Hebu kesho kaangalie kwenye ile kompyuta kama wanauza penseli."

Nikamwambia nitaangalia.