Tope Laini la Kaa wa Mama

Tope la kijito kilicho chini ya mtaa wetu wa Mudzipela lilinuka kama chuma kilicholowa, na mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa harufu hiyo haikunitoka kwenye kucha. Dada yangu Furaha alikuwa na mimba yake ya kwanza, na Mama aliapa kumlisha supu ya kaa mpaka ajifungue. Hakuwapika kaa hao siku walipokamatwa. Aliwaweka siku tatu kwenye beseni la tope, wanenepe kwanza, na kuchota tope ilikuwa kazi yangu. "Leta ile iko laini," aliniagiza. "Mutoto wa Furaha asikule muchanga." Laini kuliko yote lilikuwa pale wachimbaji waliposafishia dhahabu kwa zebaki. Nikachota hapo hapo, tena kwa bidii.

Tajiri aliyenunua dhahabu hiyo alikuja kila Jumamosi. Alisimamia zebaki ikichomwa, pua yake kaifunga kwa kitambaa, na maji machafu akaamuru yamwagwe kijitoni. Sisi watoto tulisogea kuushangaa moshi, hakutufukuza. Mama, kwa heshima, alimpelekea sahani ya kaa. "Aksanti mama, tumbo yangu haiko muzuri," alisema. Jumamosi iliyofuata, tumbo lile lile. Alijua! Mtu hafungi pua yake bure.

Baraka, mtoto wa Furaha, alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mikono yake inatetemeka hata leo. Kikombe hawezi kukishika peke yake. Hospitalini daktari aliuliza Furaha alikula nini alipokuwa mjamzito. Mama akajibu kwa fahari, "Tulimulisha muzuri, dokta. Kaa, kila siku." Daktari akaweka kalamu chini, akatueleza taratibu kwamba zebaki ni sumu, hukaa kwenye tope, na kaa huila.

Siku hizi redio inatukataza kula kaa. Haya, tumesikia. Na anayemwaga zebaki, nani amemkataza? Juzi nilipita kijitoni, wanasafisha dhahabu pale pale. Tajiri wa enzi zile amejenga ghorofa, na tukikutana sokoni hunisalimu kwa adabu zote. Mama yangu naye, kila akimnywesha Baraka chai, humgeukia Furaha na kusema, "Unisamehe, mutoto yangu." Miaka yote hii, hakuna mwingine aliyemwomba Furaha msamaha.