Kilo za Chai na Kilo Zangu

Shida ilinianza mwaka wa 1969, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa, shule ikaishia darasa la tatu, nikaanza kuchuma chai ya watu. Mtu aliyelala njaa utotoni hachezi na sahani. Kwa hivyo nilipopata changu nilikula nikashiba, nikanenepa, wala sikuona aibu.

Mwaka jana nesi wa zahanati akanipima, akakuta sukari imeanza kupanda.

"Mzee, punguza sukari na mafuta, kula mboga, na utembee kila siku."

Sasa mimi ukiniambia fanya, nafanya mara mbili. Kila asubuhi nilitembea mpaka soko la Merigi na kurudi, milima yote, halafu nikaingia shambani kuchuma chai. Ugali nikaacha. Viazi nikaacha. Mursik, maziwa niliyolelewa nayo, nikaacha pia. Asubuhi mboga ya managu, mchana kabeji, jioni tena managu. Nikajisifu kanisani kwamba nimerudi ujana.

Wiki ya sita suruali ilikuwa inashikwa na kamba ya katani, na majirani walikuwa wanakuja kuniombea. Kwenye kituo cha chai karani akapima majani yangu, akacheka.

"Mzee, kilo tisa? Umeleta chai ama umeleta salamu?"

Mimi huyu, mtu wa kilo thelathini!

Jioni hiyo mwanangu wa kwanza akanijia na sauti laini, ile ya kuongea na mgonjwa.

"Baba, umechoka. Namba ya chai iandikwe kwa jina langu. Wewe kaa kwa kiti, uote jua."

Namba ya chai, ile ambayo pesa za kiwanda hupitia! Mkulima wa huku akinyang'anywa namba, amezikwa na viatu vyake. Nikataka kusimama nimjibu, miguu ikakataa. Mama watoto ndiye aliyemjibu, tena akiniangalia mimi, si kijana.

"Chai unaitilia mbolea ndiyo uichume. Wewe unajichuma kila siku na hujajitilia hata kiganja. Ulitaka uote nini?"

Kesho yake nikarudi kwa nesi. Alicheka mpaka akaketi.

"Nilisema punguza sukari. Nani alikuambia ufe njaa? Anayetembea hivyo na kuchuma chai ale chakula cha mtu wa kazi. Mboga ziwe nyingi, lakini weka ugali wa wimbi, maharagwe, mayai, parachichi, na maziwa bila sukari. Ukiona unazidi kukonda, ongeza."

Nilipofika nyumbani nikamwambia kijana wangu, "Nipe miezi miwili. Halafu tuchume siku nzima. Ukinishinda, chukua namba."

Alikubali haraka, kama mtu aliyekwisha kupewa namba. Nikala. Kutembea sikuacha, ila sasa nilitoka na mayai mawili tumboni, na nikirudi nakuta uji.

Siku ikafika. Tukaanza umande ukiwa bado kwenye majani. Saa sita yeye alikuwa ameshika kiuno. Karani akapima: yeye ishirini na nne, mimi ishirini na saba.

"Baba, umekula nini?"

"Nimekula. Basi."

Leo nina ekari mbili za chai, ng'ombe watatu wa maziwa, miparachichi minane, nyumba ya mabati yenye tangi la maji, sukari iliyoshuka, na namba ya chai kwa jina langu.