Mbwa wa Zizi la Nyanzala

Nyanzala alikuja kwangu asubuhi, akasimama nje ya uzio bila kupiga hodi.

"Mama Fausta, ule mpunga bado unakuuma?"

"Unaniuma," nikamjibu. "Ng'ombe wako walilala shambani kwangu kama wamelipia gesti. Ulitaka nikuchekee?"

"Usinichekee. Nataka kujua kama unanichukia."

"Nakuchukia, ndiyo."

"Vizuri. Basi nina kazi yako."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyo mpaka leo. Wanaonisoma msije mkadhani naandika habari za rafiki yangu. Nyanzala hana rafiki hapa Majimoto. Alikuja msichana, ameolewa na Mabula, wakati wale wenye ng'ombe kutoka Usukuma walipokuwa wakiingia Mpimbwe kundi kwa kundi. Wakajenga kule bonde linapoanzia. Mabula alikuwa mtu wa watu, akikutana na wewe njiani anasimama, anauliza watoto, anauliza mahindi. Mke wake alikuwa anapita kama umesimama katika kiwanja chake.

Mabula akafariki kwa homa. Akamwacha mjane na zizi limejaa na mtoto mmoja wa kike, Kija, aliyeolewa mbali. Malale, mdogo wake Mabula, akaja kwenye msiba na fimbo ya kuchungia mkononi. Sisi sote tulikuja na kanga na unga, yeye na fimbo. Hata arobaini haijafika akamwambia mbele ya watu:

"Shemeji, usihangaike. Nitakurithi wewe na zizi."

"Viatu vya kaka yako vinakupwaya," Nyanzala akamwambia. "Zizi lake utaliweza?"

Kesi ikaenda baraza la kata. Baraza likasema ng'ombe ni wa mjane, wamewachuma pamoja yeye na mumewe. Malale akasikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akajinyoosha, akasema baraza halina meno. Nyanzala akasema yeye atatafuta wenye meno. Wiki ile ile akaenda kuchukua watoto watatu wa mbwa.

Mbwa wa zizi hafugwi kama mbwa wa uani. Hili nililiona mwenyewe kwa macho, maana shamba langu limepakana naye. Aliwachukua walipoacha kunyonya tu, akawatia moja kwa moja katika banda la ndama. Walilala na ndama, wakanuka ndama. Akawapaka mavi ya ng'ombe mgongoni ili ng'ombe wakubwa wasiwapige teke. Mtu haruhusiwi kuwashika wala kuwachekea. Mmoja alipoanza mchezo wa kukimbiza ndama na kuwauma mikia, alimfunga kipande cha gogo shingoni kinachomgonga magoti kila akikimbia. Mwenyewe akaacha. Chakula chao kilikuwa ugali wa dona na chenga za dagaa wa Ikola, umelainishwa kwa maziwa ya mgando. Nyama mbichi ya ng'ombe hakuwapa hata siku moja. Alisema mbwa akijua ladha ya anayemlinda, umefuga fisi.

Majina akawapa kwa ajili yetu sisi majirani: Watasema, Mtachoka na Hamnijui. Jioni anasimama nje anawaita kwa sauti ya juu, na kila mmoja wetu huku jikoni kwake anajua ametukanwa.

Kazi yangu ilikuwa kuwarushia nyama ya pilipili. Alitaka mtu ambaye akisogea tu mbwa waone hana nia njema.

"Anayenipenda mkono wake utalegea," alisema. "Atawaonea huruma. Wewe hutawaonea."

Sikuwaonea. Nilikuwa napita na utumbo uliopakwa pilipili kichaa ya kutwanga, naurusha juu ya miiba, nasimama kutazama. Wanaukimbilia, wanameza, halafu wanasugua midomo chini na kulia kama watoto wachanga. Nyanzala katulia upande wa pili na chungu chake. Akiona wameteseka vya kutosha anatamka neno moja la Kisukuma, anawalisha kwa mkono, tonge kwa tonge. Kesho yake nabadilisha kanga, napita upande wa mto, narusha tena. Mwisho wake wakawa wakiona nyama chini wanaizunguka kama nyoka. Na mimi nikikohoa tu barabarani, nywele za migongo yao zinasimama.

Nikamuuliza, "Sasa ukiumwa watakula kwa nani?"

"Mimi siumwi."

"Hata yule mchungaji wako, Abednego, hawamjui?"

"Wanamjua wa kuchunga. Wa kulisha ni mimi. Mchungaji wa mshahara hununuliwa."

Malale alijaribu mapema. Akaja mchana, Nyanzala yuko kisimani, akarusha nyama iliyolowekwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sasa alikuja na jibwa lake alilolinunua Mpanda, limekatwa mkia, anatamba kwamba ni la kizungu na linakula wali. Watasema na wenzake wakaizunguka nyama, wakakaa mbali, wakabweka. Jibwa la wali likapenyeza kichwa chini ya uzio, likavuta, likala. Halikufika mbali, likafa.

Na Malale hakuona haya! Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Erasmus, kulalamika kwamba mbwa wake kafia kwenye uzio wa shemeji yake.

"Kala nini?" Erasmus akamuuliza.

"Nyama."

"Nyama ya nani?"

Malale akatazama dari. Erasmus akamwambia akamzike mbwa wake kabla hajanuka.

Baada ya hapo Nyanzala akawa na kiburi cha kutisha. Anapita sokoni kichwa juu kama askofu kaja kumtembelea. Lakini tumbo lilikuwa linamvimba, akawa analifunga kanga mbili asionekane. Siku ya gulio akaanguka katikati ya magunia ya mchele, damu inatoka. Watu wakampakia kwenye gari, akapelekwa hospitali Mpanda. Uvimbe. Daktari akasema apasuliwe.

Jioni yake Abednego akaondoka. Hakumuaga mtu. Sote tulijua amekwenda kwa nani.

Basi ng'ombe wakabaki zizini na mbwa wakabaki na ng'ombe. Mtu akisogeza mkono kwenye miiba ya lango wanakuja wote watatu. Mimi na binti yangu Fausta tukakata majani tukawa tunayarusha juu ya uzio, na maji tukawa tunamimina kwenye hori ambalo nusu yake ilikuwa imetokeza nje. Sikufanya kwa mapenzi. Mwanamke mkali wa zizi lile alikuwa ameshanilipa mpunga wangu mbele ya Erasmus. Malale akilichukua, ng'ombe wangelisha kwangu bila malipo, na mpunga wangu ningeuvuna kwa kijiko.

Ng'ombe walikula, lakini mbwa hawakula. Nilipika ugali wa dona na chenga za dagaa, nikatia mgando, nikausukuma chini ya uzio kwa mti. Wakauzunguka. Fausta akajaribu. Wakauzunguka. Padri mwenyewe alisimamisha pikipiki akajaribu mkate. Wakamwonyesha meno.

Nikampigia Nyanzala simu wodini.

"Tumia chungu changu," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Weka simu sauti kubwa, uisogeze."

Chungu kilikuwa nyumbani kwake, ndani ya uzio ule ule, nisingeweza kukifikia; simu nikaisogeza. Akatamka lile neno lake. Watasema akainuka mbio, mkia juu, akaenda mlangoni kwa Nyanzala, akanusa, akazunguka nyumba yote, akarudi. Akaitazama simu. Halafu akanguruma.

"Wanakula?"

"Wanakutafuta."

"Waambie wale!"

"Niwaambie mimi? Mimi si ndiye pilipili? Ulinitafuta mwenyewe, ukasema nakufaa kwa sababu nakuchukia. Haya, kazi yako hiyo, umeifanya vizuri mno."

Akakata simu.

Malale akawa anakuja kila mchana. Hafanyi kitu. Anasimama barabarani anatazama mbavu za mbwa, anaondoka. Alishajua. Pilipili ile tuliyoipika kwa ajili yake ilikuwa inamfanyia kazi yeye.

Watasema akafa kati ya ndama wawili. Mwili wake ulikaa hapo hapo, hakuna wa kuingia kumtoa. Nikampigia Nyanzala simu, nikamwambia.

Kesho yake Malale akaja na vijana wa kwao na Abednego. Wakaanza kuondoa miiba ya lango mchana kweupe. Hamnijui alikuwa amelala ubavu, ananyanyua mdomo tu. Mtachoka alisimama langoni peke yake, miguu inatetemeka, habweki tena, anaonyesha meno basi. Malale akamsukuma kwa ncha ya fimbo kifuani, taratibu, kama anajaribu ukuta kama umekauka. Mbwa akaanguka, akasimama. Akamsukuma tena. Nilimtuma Fausta kwa Erasmus, nikabaki natukana. Nilimtukana Malale kwa Kipimbwe, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kidogo ninachokijua. Akasema, "Shikamoo bibi," akacheka.

Pikipiki ikasimama. Nyanzala alikuwa amekaa nyuma na bandeji ya dripu bado iko mkononi. Alikuwa ametoroka hospitali hata hajapasuliwa.

"Shemeji! Umepona?" Malale akamuuliza.

Alipita katikati yao kama kawaida yake, kana kwamba hapakuwa na mtu. Akaingia ndani, akatoka na chungu, akakoroga unga na maziwa, akachuchumaa, akatamka neno lake. Mtachoka akatambaa. Akala mkononi mwake. Hamnijui akafunguliwa mdomo, akatiwa tonge, akameza. Vijana wa Malale wakasimama tu na miiba mikononi. Sijui nini kiliwazuia, maana mbwa wale hata kuku wangewashinda. Erasmus alipofika na mgambo, walikuwa bado wanatazama mwanamke anavyolisha mbwa.

Malale akatupa fimbo begani.

"Haya, leo wamekula," akasema. "Lakini daktari si amekwambia urudi? Nenda, shemeji. Mimi sina haraka. Nitakuwa hapo barabarani nasubiri uumwe."

Nyanzala akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kurudisha miiba ya lango.

Baada ya siku chache nilimfuata.

"Wafundishe mkono wa pili," nikamwambia.

"Wa nani?"

"Hata wangu."

"Siku wakijua mkono wa pili, wa tatu utanunuliwa."

"Basi kufa. Kufa hapo langoni, akuruke aingie."

Akanifukuza. Nilikwenda zangu, nikaapa sitamwona tena.

Gulio lililofuata akatoa zizi zima. Aliwatoa ng'ombe wote, na ndama, na madume, hakubakiza hata mmoja. Mtachoka kulia, Hamnijui kushoto, yeye nyuma anashika tumbo. Malale alikuwa kakaa kwenye kigoda chake barabarani, akadhani anakwenda kuwanywesha. Alipoona wameiacha njia ya mto akaanza kufuata. Alipoona wameingia mnadani akaanza kukimbia.

Kibali cha kuuza Erasmus alishampa. Wanunuzi wa malori walikuwa wanangoja. Wasukuma wenzake wakamgeuzia mgongo, mwanamke auze zizi zima la marehemu, hawajapata kuona! Wanawake wao ndio walimtukana zaidi. Hakugeuka. Kila ng'ombe alipokuwa anapandishwa mbwa walikuwa wanaziba njia, mpaka yeye awaondoe kwa mkono. Mtachoka aliruka na kupanda lorini nyuma ya ndama wa mwisho, ikabidi Nyanzala amvute kwa shingo, na mbwa analia.

Malale akapenya katikati ya watu.

"Umeuza ukoo! Nyie mashahidi! Huyu mwanamke ameuza ukoo wa Mabula!"

"Nimeuza ng'ombe," Nyanzala akasema. "Ukoo si huo umesimama hapo? Nani kaununua?"

Mnada mzima ukaangua kicheko, hata wale waliomgeuzia mgongo. Malale akanyanyua fimbo, akawatazama mbwa wawili waliokonda wakimtazama, akaishusha. Lori likawashwa.

Nyanzala hakuwa na cha kulinda tena, basi akaja kuniita, akanifungia zizini pamoja na mbwa wale, wanizoee kabla hajarudi hospitali. Kweli alifunga lango! Akasema, "Kaa humo mpaka wale mkononi mwako." Nilikaa. Nilirudi tena na tena. Nina alama ya jino la Hamnijui hapa kwenye kiganja, na bado nilirudi, maana mimi nikisema naweza, naweza. Walipoanza kula, Nyanzala akapanda basi la Mpanda, akapasuliwa.

Aliporudi amekonda, akakuta mbwa wamelala mlangoni kwangu na Fausta anawakuna matumbo. Akawatazama sana.

"Umeniharibia," akasema. "Wamekuwa mbwa wa kila mtu."

Akawaita, wakamfuata.

Malale siku hizi hapiti barabara ile, anazunguka. Zizi Nyanzala amelilima, akapanda mahindi. Kwa samadi ile ya miaka yote yamekuwa marefu kuliko ya mtu yeyote hapa, mashina kama mikono ya mtu mzima. Juzi nilisimama uzioni nikamwomba hindi moja la kuchoma. Akaniambia nikanunue sokoni kama wengine.