Binti Mfalme na Mbuzi wa Kitovu

Nakiri mapema: mimi ndiye niliyempa simu. Nilikuwa likizoni, nataka kulala mchana kama binadamu, na mdogo wangu wa miaka sita alikuwa hanyamazi. Nikamwekea katuni za mabinti wa mfalme. Wiki mbili baadaye alikuwa anavaa neti kuukuu ya mbu kama gauni, amejikatia taji kwenye katoni ya majani chai, na ameacha kumpelekea mbuzi wake maji.

"Binti mfalme hachoti maji," alimwambia Mama.

Mama akanigeukia mimi. "Unaona? Wasichana gani hao, kazi yao kulala tu, wakingoja mwanaume aje awaamshe! Ndio wanaomharibia mtoto akili."

"Mama, mimi nililelewa na hadithi za fisi na sijawahi kuiba nyama."

"Idd iliyopita maini alimaliza nani?"

Kesi ilikuwa na ushahidi.

Na mbuzi mwenyewe hakuwa wa hivi hivi. Kwetu, mtoto akikatika kitovu hupewa mnyama wake, na huyu jike mweusi wa sikio jeupe ndiye alikuwa wake. Lakini Mama alisema mnyama hawezi kufa kiu kwa sababu ya katuni. Siku ya soko, anauzwa.

Mdogo wangu hakulia. Alivaa neti yake, akatangulia mbele tangu nyumbani kwetu Chechelesi, gauni likifagia vumbi. Mimi nilivuta kamba ya mbuzi nikijifanya siwajui wote wawili.

Sokoni, broka mmoja mzee, dalali wa mifugo, alitoa salaam, akamkagua mbuzi meno, kisha akateremsha shuka begani. Pale bei haitangazwi. Wanaume hushikana mikono chini ya shuka na kuongea kwa kubana vidole, vidole vingi bei kubwa, ili wambea wabaki na njaa. Mama alikuwa bado anamngoja Mjomba aje ashike mkono kwa niaba yetu.

"Mwenye mali ni nani?" mzee akauliza.

"Mimi. Ni mbuzi wangu wa kitovu," akasema mdogo wangu. Akanyoosha mkono, kiganja chini, kidevu juu, akingoja ubusiwe kama kwenye katuni.

Mzee, kwa mazoea ya miaka mingi, akaufunika kwa shuka, akabana kidole. Mdogo wangu akadhani hiyo ndiyo salamu ya kifalme, akabana mkono mzima kwa nguvu zote.

"Wallahi, huyu anataka bei ya ngamia!"

Mzee akajaribu tena. Akabanwa tena. Watu walishajaa. Alipochomoa mkono alikuwa anacheka hadi machozi. "Mama, mwenye mali amekataa. Mbuzi wa kitovu simnunui kwa lazima."

Mama akainama mbele ya binti yake. "Sawa. Na maji atachota nani?"

"Mimi."

"Si ulisema binti mfalme hachoti maji?"

Mtoto akafikiri, taji limemwangukia jicho moja. "Wale hawana mbuzi."

Mama aligeukia pembeni, mabega yakitikisika kwa kicheko, kisha akaniambia nigeuze kamba, twende nyumbani.

Mpaka leo Mama anasema wale mabinti ni sumu. Mimi sijui. Mdogo wangu hupeleka maji kila asubuhi bila kukumbushwa. Tatizo ni kwamba ndoo nabeba mimi, na ananiita mtumishi. Taji lake sasa ni la nne. Matatu ya kwanza yaliliwa na mbuzi.